Kengele Anaisikia

Kama kuna mtu upande huu wa Kulesa aliyepigania mahudhurio ya watoto shuleni kwa mdomo wake wote, basi ni Bilal Dhadho, mwenyekiti wa wazazi. Nasema kwa mdomo, maana viungo vingine vya mwili hatuna ushahidi navyo.

Mkutano uwe wa choo cha shule, uwe wa chanjo ya mbuzi, Bilal akisimama lazima atafika kwenye mahudhurio. Atakohoa kidogo, atavuta koti lake la kijani, atagusa kalamu tatu za mfuko wa kifuani, ambazo mbili hazina wino tangu mafuriko yale makubwa, halafu ataanza. Siku moja ya shule ikipotea, wazazi wenzangu, imepotea. Haba na haba hujaza kibaba. Shule si arusi, kwamba mtoto atakwenda siku akijisikia. Kina baba watatikisa vichwa, kina mama watahamisha watoto kutoka bega la kulia kuja la kushoto, na Mwalimu Rebecca, mwenye darasa la gredi ya tisa, atainama na kutazama viatu vyake.

Viatu vya Mwalimu Rebecca havikuwa na ajabu yoyote. Ila mwalimu ndiye anayeweka rejista, na rejista haina adabu, humwandika hata mtoto wa mwenyekiti.

Bilal ni mkulima wa mpunga na, tusimnyime haki yake, ni mkulima hodari. Shamba alilirithi kwa marehemu babake. Liko bondeni kati ya mto na uwanja wa shule, karibu kiasi kwamba mpira ukipigwa juu ya goli huokotwa mpungani. Katikati ya shamba limesimama dungu, lile jukwaa la miti lililoezekwa nyasi ambalo mtu hukaa juu yake kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile nafaka. Asiyelima mpunga atacheka, kwamba watu wazima wanaogopa ndege wa kutoshea kiganjani. Acha acheke. Mpunga ukianza kutunga maziwa, punje zingali laini, ndege wale hushuka kwa maelfu, na ukienda kusali tu ukarudi, unakuta robo ya shamba imekuwa makapi. Kwa hiyo tangu jua halijatoka mpaka linatua lazima mtu awe dunguni, na kombeo lake, na madongo ya kurusha, na kamba zilizofungwa makopo matupu za kuvuta kila ndege wanapotua. Ndege hawajui Ijumaa wala Jumapili, wala hawana muhula.

Bilal mwenyewe alilelewa juu ya dungu lile. Alikuwa darasa la sita, tena hakuwa mjinga, mwaka ndege walipozidi na babake akamwambia akae huko leo tu. Leo tu ikawa wiki. Wiki ikazaa mwezi. Aliporudi darasani alikuta mahali pake pamekaliwa na hesabu zimefika kwenye desimali asizozijua, akaona haya, akarudi kwa ndege, ambao angalau walikuwa wakimfahamu. Mtu mwingine angeuita huo msiba. Bilal huusimulia kila siku ya wazazi kama mtu aliyerudi vitani. "Mimi nilisomea dunguni," huwaambia watoto, nao hupiga makofi. Alisoma nini huko hajawahi kusema, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku hizo tunazozisemea, dunguni alikuwa hapandi, ana mgongo. Ulikuwa mgongo wa ajabu, wenye kalenda yake. Akienda Garsen mkutanoni nyuma ya bodaboda, barabara ya mashimo, hauumi. Akibeba magunia ya mavuno yake, hauumi. Mpunga ukitunga maziwa tu, na mgongo nao umetunga. Esha, mkewe, alikuwa na mtoto wa kunyonya, na maji ya kuteka, na mahindi ya kupalilia. Khairat alikuwa bado mdogo, gredi ya tatu. Akabaki Tuneya, binti yao mkubwa, miaka kumi na mitano, gredi ya tisa, mwenye shabaha ya kombeo kuwashinda vijana wote wa kijiji. Kichwa pia alikuwa nacho. Tangu gredi ya saba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Babake alijivunia vyote viwili, shabaha na kichwa, wala hakupata kuona kwamba vinagombea saa zilezile za mchana.

Mwanzoni mwa mwaka jana wakaja wageni wa shirika moja la ufadhili. Habari waliyoleta ilikuwa njema. Mwisho wa mwaka watamchukua msichana mmoja wa gredi ya tisa, yule anayeongoza, wamsomeshe shule ya upili ya bweni mpaka amalize. Shule yenyewe ina maabara ya kweli, yenye mabomba na mizani, na hadubini za kuangalia vidudu visivyoonekana kwa macho. Tuneya alisikia neno hadubini akashika shavu. Mdogo wake aliyefuata nyuma ya Khairat alifariki kwa kuharisha, na tangu siku ile yeye amekuwa akitazama maji ya mto kwenye bilauri, anayageuza juani, anataka kuona ni kitu gani kilichomo. Wageni wakasema wazazi nao waweke sharti lao moja, la kuonyesha kwamba wanaithamini elimu.

Bilal alisimama kabla mgeni hajakaa. Akapendekeza kwamba mtoto atakayekosa shule zaidi ya siku kumi kwa mwaka jina lake litolewe, awe mtoto wa nani. Akapendekeza kila kukosa kuandikwe pamoja na sababu yake. Akapendekeza tena kwamba mwezi wa kumi, mbele ya wazazi wote, orodha isomwe na mwenyekiti mwenyewe kwa sauti, pasiwe na maneno ya pembeni. Akamalizia kwamba kuna watu hapa kijijini leo wapo, kesho wamefuata nyasi na watoto wao nyuma, na yeye hataki kutaja jina.

Hakuwa na haja ya kutaja. Alikuwa anamtazama Duba, mfugaji, ambaye boma lake liko mwisho wa kijiji na ambaye kila kiangazi huhama na ng'ombe wake, mke na watoto. Binti yake Afrah alikuwa wa pili darasani, nyuma ya Tuneya kwa alama chache mno, na kila mtu pale alijua hesabu hiyo. Mkuki kwa nguruwe, bwana. Duba hakukasirika. Aliuliza swali moja tu, kwamba hizo siku kumi ni za muhula au za mwaka mzima. Za mwaka mzima, Bilal akamjibu kwa raha zake. Duba akasema sawa, sharti likaandikwa, Bilal akatia sahihi, na siku ile alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Wiki hiyohiyo alikwenda Garsen akanunua sanduku la bati, la buluu, akampa fundi wa kuandika vibao amwandikie kwa rangi nyeupe: TUNEYA BILAL DHADHO. Esha akamuuliza haraka ya nini, mwaka ndio kwanza umeanza. Akaambiwa kwamba mtu anayejua atakakofika hufunga mizigo mapema. Tuneya alilipangusa sanduku lile kila Ijumaa. Ndani alikuwa ameweka sabuni mbili, daftari jipya na bilauri yake.

Haya, sasa hebu tuutazame mwaka wenyewe ulivyokwenda. Januari lori la kununua maembe lilikuwa lije, Tuneya akabaki kusaidia kuchuma, siku moja tu. Lori likaharibika njiani, likaja kesho yake, ikawa mbili. Februari viboko walivunja ua wa shamba, ukazibwa kwa siku moja. Machi kulikuwa na arusi ya binamu huko Wenje, na arusi ya watu wenye heshima haiwi ya siku moja, zikaenda tatu. Mei mtoto mchanga alipata homa, Esha akampeleka hospitalini, Tuneya akabaki na nyumba. Hiyo hata mimi siisemi, homa ni homa. Lakini ilikuwa ya saba.

Juni mpunga ukatunga maziwa.

Asubuhi ya kwanza ya ndege Tuneya alitoka amevaa sare, mkoba begani, akamkuta babake mlangoni ameshika kombeo. Alisimama. Si mtoto wa kujibishana, na Bilal mwenyewe alisema baadaye kwamba sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima zote.

"Baba, nimeshakosa siku saba," akasema. "Zimebaki tatu."

Bilal alicheka, kicheko cha upole. Akamketisha mwanawe kwenye kigogo akamweleza maana ya sheria, maana nani anayeijua sheria kuliko aliyeitunga.

"Mtoro ni yule aliyekwenda kusikojulikana, mwanangu. Wewe utakuwa dunguni. Mimi nakuona, mwalimu wako anakuona kutoka dirishani, na kengele unaisikia. Umekosaje shule na kengele unaisikia?"

Na jambo la kusikitisha ni kwamba aliamini. Kwetu mtu akisema fulani hayupo, ana maana amevuka mto, amekwenda Hola, amekwenda Malindi, amehama na ng'ombe. Aliye shambani yupo. Ukimwita anaitika. Bilal aliishi miaka hamsini na mbili na maana hiyo, ikamtosha kwa kila jambo, kwa nini isimtoshe kwa rejista. Akampa Tuneya kombeo, akamwambia achukue na kitabu chake asije akalala.

Basi Tuneya akapanda. Kitabu alikwenda nacho kweli, lakini nani amewahi kusoma kitabu na kulinda ndege kwa macho yaleyale mawili? Akitazama ukurasa, ndege wametua upande wa mto. Akivuta kamba, upepo umefunga ukurasa. Bilal akipita njiani kwenda kwenye mambo yake ya uenyekiti alikuwa anainua macho, anaona kitabu kipo magotini, anamwonyesha mwenzake kwa kidevu: unaona, anasoma. Saa ya mapumziko Afrah, binti Duba, alikuwa anakimbia mpaka ua wa shule na kumpigia Tuneya kelele za yale waliyofundishwa asubuhi, naye Tuneya anaandika kwenye ngozi ya paja kwa kijiti, ili ayanakili jioni. Siku nyingine Esha alimhurumia, akapanda yeye, mtoto mgongoni, akamwambia binti yake kimbia shule. Siku hizo hazikuwa nyingi. Esha alimwambia mumewe bandu bandu huisha gogo. Mumewe akamsifu kwa methali nzuri, akasema ataitumia kwenye hotuba.

Shule nayo haikunyamaza. Zilipofika siku kumi Mwalimu Rebecca aliandika barua, akampa Tuneya aipeleke. Bilal alipoona muhuri wa shule hakusubiri kuambiwa. Akachomoa kalamu, ya kwanza haikuandika, ya pili haikuandika, ya tatu ikaandika, akatia sahihi chini, kubwa, yenye mkia. Tuneya akamwomba aisome. Akamwambia mambo ya kamati anayajua, yeye ndiye mwenyekiti. Zilipofika kumi na tano ikaja barua ya pili, akatia sahihi. Ishirini, ya tatu. Watoto wengine baba zao hukataa kutia sahihi barua za shule. Tuneya alikuwa na bahati, babake alizitia zote.

Mwezi wa kumi ukafika. Jioni ya kuamkia mkutano Mwalimu Rebecca alitembea mpaka nyumbani kwa Bilal, akamkabidhi orodha mkononi na kumwomba, "Mwenyekiti, tafadhali isome hapa nyumbani kwanza." Bilal aliikunja akaitia mfukoni nyuma ya kalamu. Hotuba ikisomwa kabla hupoa, alimwambia, na akamkaribisha uji. Mwalimu hakunywa.

Mkutano ulijaa. Wageni wa shirika walikuwa mbele, na watoto wa gredi ya tisa walisimama nje madirishani, Tuneya na Afrah dirisha moja, mkono kwa mkono, maana wale wawili ugomvi wa wazazi wao hawakuwahi kuufahamu vizuri. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba anayeongoza kwa alama ni Tuneya Bilal, na wa pili ni Afrah Duba. Makofi. Bilal akainuka, akakohoa, akavuta koti. Akahutubu kwanza, robo saa nzima, juu ya siku moja ikipotea imepotea, na ile methali ya mkewe ya gogo akaitia humo. Kisha akafungua karatasi na kuanza kusoma kama alivyosoma siku zote, kwa kidole, jina baada ya jina, akimtazama mzazi mwenyewe baada ya kila namba.

"Afrah Duba, siku mbili." Akasita. Aliitazama tena ile mbili. Sababu iliyoandikwa ilikuwa homa. Akaendelea, akasoma mtoto wa siku kumi na moja, akamsuta babake kwa jicho. Akasoma wengine watano. Halafu kidole kikafika karibu na mwisho wa karatasi.

"Tuneya Bilal Dhadho," akasoma, na kwa kuwa mdomo ulishazoea kwenda na kidole, haukuwahi kusimama. "Siku ishirini na saba."

Bilal alisema ni kosa la uandishi. Mwalimu Rebecca akafungua rejista yenyewe bila kuinua sauti, akasoma tarehe na sababu kama mtoto alivyozieleza kila aliporudi. Maembe. Maembe. Viboko. Arusi. Arusi. Arusi. Mtoto mgonjwa. Ndege. Ndege. Ndege. Alipofika ndege wa nane mgeni mmoja alimwomba aishie hapo. Mwalimu akasema barua tatu alipeleka, na zote zilirudi na sahihi, akaziweka mezani. Mikia ya sahihi zile ilionekana mpaka viti vya nyuma.

Bilal akajitetea, maskini. Aliwakumbusha wote kwamba mtoto alikuwa pale, juu ya dungu, mbele ya macho yao, kengele anaisikia, na utoro ni wa yule aliyehama. Alisema yote aliyomwambia Tuneya kwenye kigogo, na safari hii aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Wazazi wengine walianza kunung'unika kwa huruma, kwamba sharti ni letu, na tuliloweka sisi tunaweza kulilegeza sisi, mtoto ndiye anayeongoza. Wageni wakatazamana, wakasema wazazi wakikubaliana wote wao hawana neno. Bilal akapumua. Dirishani Tuneya alikuwa hapumui.

Hapo Duba akasimama. Si mtu wa maneno mengi, na Kiswahili chake hukitoa polepole.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," akasema. "Ile siku ya sheria, mimi nilijua hiyo sheria ni yangu. Sikusema kitu. Kiangazi ilifika, nikahama, huyu mtoto nikamwacha kwa dada yangu hapa. Miezi minne sikumwona. Mama yake alilia, mimi nikamwambia sheria ni sheria. Kama ilikuwa ya kulegeza, ndugu yangu Bilal, ungeniambia tu. Ningekaa na mtoto wangu."

Akaketi. Hakukuwa na hasira katika maneno yale, na hilo ndilo lililoyafanya yasijibike. Wale waliokuwa wakinung'unika kwa huruma wakanyamaza mmoja mmoja. Hakuna aliyemwambia Bilal la kufanya. Karatasi ya uteuzi ilikuwa mezani, jina halijaandikwa, na chini yake mstari wa mwenyekiti. Akachomoa kalamu ya kwanza, akaijaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Akachomoa ya pili. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuomba Mungu kalamu isiandike kama Bilal alivyoomba juu ya ile ya tatu. Iliandika. Akaandika Afrah Duba, akatia sahihi, ndogo, isiyo na mkia.

Alipofika nyumbani alimkuta Tuneya amekaa chini mbele ya lile sanduku la buluu. Bilal alisimama uani, nyuma ya mlango, mtu aliyekuwa na hotuba ya choo na hotuba ya mbuzi, akatafuta neno moja la kumwambia mwanawe na hakulipata. Moyo ulimuuma, kusema kweli. Tuneya hakuwa analia. Alitoa sabuni mbili, akatoa daftari, akatoa bilauri, akampangia mamake vizuri juu ya mkeka.

"Mama, mbegu za mpunga zinaliwa na panya kila mwaka," akasema. "Tuzitie humu. Bati hawaliwezi."

Mbegu zikatiwa humo, na humo zimo mpaka leo, na kwa jina lile jeupe hakuna mbegu zinazojulikana mwenyewe kama zile. Januari Afrah aliondoka na sanduku jingine, la kwake, na Tuneya ndiye aliyelishika upande mmoja mpaka barabarani. Yeye alipangiwa shule ya kutwa karibu na Garsen, anakaa kwa shangazi yake. Maabara wanayo. Ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo alikwenda nao mwalimu aliyehamishwa. Anasoma kwa bidii, hajakosa siku hata moja, na Jumamosi akija nyumbani humwamkia babake kwa heshima zote, shikamoo baba, marahaba mwanangu, kisha huingia ndani kwa mamake.

Bilal bado ni mwenyekiti, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti. Hotuba zake zimekuwa fupi, watu wanawahi nyumbani. Na mgongo umepona. Juni hii mpunga ulipotunga maziwa, kabla Esha hajasema kitu, Bilal alichukua kombeo ukutani, akaenda zake bondeni, akapanda dungu kwa kushikilia kila mti, akiguna.

Siku ya tatu alikuwa juu pale, jua limeanza kuchoma, kengele ya shule ikapigwa. Kengele yenyewe ni rimu ya lori inayogongwa kwa chuma, na sauti yake ilikuja safi juu ya mpunga, mlio baada ya mlio, kana kwamba amesimama chini yake. Watoto wakaingia. Bilal akatega sikio asikie kinachofuata. Akashika makopo yasilie. Akavua kofia. Alisikia upepo, na ndege, na kwa mbali mvumo wa watoto wanaoitikia kitu. Kitu gani hakikujulikana. Mwalimu alikuwa anafundisha, mkono wake ulionekana dirishani ukipanda na kushuka ubaoni, na dunguni hakikufika hata neno moja. Bilal alitega sikio mpaka saa ya mapumziko. Alikuwa amekaa juu ya miti ile utoto wake wote, na hakumbuki kama siku moja aliwahi kutega.

Mapumziko yalipofika akamwona Khairat anakuja mbio kupitia tundu la ua, sare yake imeingia vumbi, ameshika kikombe cha uji aliopewa shuleni, ameubakisha nusu. Akapanda haraka kama nyani. Akampa babake kikombe, na bila kuambiwa akanyoosha mkono akalishika kombeo.

"Kunywa, baba, mimi nikushikie," akasema. "Nitakaa tu mpaka upumzike. Kengele nitaisikia."

Bilal hakuunywa uji. Aliweka kikombe chini. Akamnyang'anya mtoto lile kombeo, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kuisikia nimeisikia mimi, mwanangu, tangu niko sawa na wewe," akasema. "Shuka. Nenda ukakae ndani."

Khairat akashuka, akadhani amekosea, akaanza kutembea huku anageuka nyuma. Bilal akampungia aende, akimbie. Kengele ikagongwa. Wakati huohuo wingu la ndege likashuka upande wa mto, kwenye mpunga ulio bora kuliko wote, na kamba ya makopo ilikuwa mkononi mwake. Hakuivuta. Alibaki anamtazama mtoto akivuka tundu la ua, akivuka uwanja, akipita goli, akifika mlangoni mwa gredi ya nne, mpaka akaingia. Ndipo Bilal akageukia ndege.